Karatasi za mchoraji wa ukutani: usitenge mchoro na barua yake

Katika jengo la Rincon Annex, San Francisco, yupo mtawa aliyechorwa na Anton Refregier, na tumbo lake ni la kawaida tu. Halikuanza hivyo. Lilikuwa nene, Wakatoliki wakalalamika, naye akalipunguza. Ukimtazama leo huoni dalili yoyote ya mzozo huo.

Refregier alipaka paneli 27 hapo kati ya 1946 na 1948, kwa rangi ya kaseini (protini ya maziwa) juu ya jeso nyeupe, yaani tabaka la kutayarisha ukuta. Ubishi kuhusu michoro hiyo ulifika hadi Bunge la Marekani: mwaka 1953 kamati ilisikiliza hoja ya mbunge Hubert Scudder iliyotaka michoro iondolewe. Haikuondolewa. Karatasi za mchoraji zimehifadhiwa Archives of American Art, chini ya Smithsonian.

Ninapopanga karatasi za mchoraji kama huyu, naipa barua ya aliyeagiza kazi, anayedai mabadiliko, uzito zaidi kuliko mchoro mzuri. Bila barua, hujui mchoro ni wa kabla au wa baada. Ndiyo maana kosa baya kuliko yote ni kukusanya michoro yote kwenye droo moja na barua kwenye masanduku mengine. Piga picha kila sanduku kabla hujagusa kitu. Mchoro mkubwa usioenea kwenye faili lazima uhamie droo bapa, sawa. Lakini pale ulipotoka acha karatasi isiyo na asidi yenye namba ya mchoro, namba ya droo na tarehe ya kuuhamisha. Andika kwa penseli. Wino ukipata maji unachuruzika.

Usifute mistari ya miraba. Ukikuta miraba ya sentimita 5 na pembeni pameandikwa 1:10, kila mraba ni nusu mita ukutani, na hapo unaweza kujua mchoro ni wa paneli ipi. Vitundu vidogo vinavyofuata mstari navyo si kazi ya wadudu: unga wa mkaa hupigwapigwa juu yake upenye hadi kwenye plasta na kuacha alama za mstari. Nimeona karatasi za aina hii zikizibwa kwa gundi, eti zinatengenezwa!

Mchoro wa mkaa au pasteli usiingie kwenye bahasha ya plastiki, kwa sababu umemetuamo wa plastiki huvuta unga. Uwekee fremu ya kadibodi isiyo na asidi, uso usiguswe na kitu. Klipu zenye kutu usizivute; sukumia kwanza kipande chembamba cha plastiki chini yake. Vipande vya magazeti vinaachia asidi na kuacha kivuli cha kahawia kwenye barua iliyo jirani, basi vitenge kwa karatasi ya alkali.

Negativi (filamu za picha) zinazonuka siki zitoe siku hiyo hiyo. Mvuke wake huharibu filamu nyingine sandukuni, na joto huongeza kasi. Ziweke peke yake, mahali pa baridi na pakavu.