Baba Mwenye Kisukari Aina ya Kwanza: Maswali Tunayoulizwa na Familia

Kisukari aina ya kwanza ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli ili itumike kama nguvu. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini mjini Toronto, Januari 1922, ugonjwa huu haukuwa na tiba na uliua karibu kila aliyeupata. Jambo moja halijabadilika: asiye na insulini hufa, leo kama zamani.

Je, watoto wangu wataurithi?

Uwezekano upo, lakini ni mdogo. Kati ya watoto 100 ambao baba yao ana ugonjwa huu, takriban 6 ndio huupata. Hausababishwi na kula vitu vitamu, wala hauambukizwi kwa kumbeba mtoto au kulala naye kitanda kimoja. Mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara, kukonda, au kukojoa tena kitandani baada ya kuwa ameacha, apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Nikiugua, nikawa natapika na sili chochote, si niache insulini mpaka nipate nafuu?

Hapana. Usiiache. Hili ndilo kosa linalotuletea akina baba waliopoteza fahamu, wakiwa wamebebwa na wake zao na ndugu zao, na kila mara tunaambiwa kwamba sindano ilisitishwa kwa sababu mgonjwa hakuwa anakula. Mwili unapopambana na homa au maambukizi hutoa homoni zinazolifanya ini kumwaga sukari kwenye damu, hata kama tumbo ni tupu. Insulini isipokuwepo, seli hushindwa kuitumia sukari hiyo, na mwili huanza kuyeyusha mafuta na kuzalisha ketoni, ambazo hugeuza damu kuwa na tindikali. Hali hiyo hukua kwa saa chache tu.

Lakini sindano bila chakula haitaishusha sukari mpaka inidhuru?

Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kupima, si kuacha. Insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu huendelea kuchomwa hata usipokula. Ile inayochomwa kwa ajili ya mlo ndiyo hurekebishwa kulingana na kipimo na kiasi ulichokula. Unapougua, pima sukari kila baada ya saa 2 hadi 4, mchana na usiku, pima na ketoni kama una vipimo vyake, na unywe maji kidogo kidogo. Mwombe daktari wako akuandikie mwongozo wa siku za ugonjwa ukiwa bado mzima, kisha mkeo ausome pia, kwa maana siku hiyo huenda wewe usiweze.

Na nikijisikia nimepona kabisa, au nikipewa dawa ya mitishamba?

Hapana tena. Baadhi ya wagonjwa, muda mfupi baada ya kuanza matibabu, huhitaji insulini kidogo kwa majuma au miezi kadhaa, kwa sababu seli chache zilizobaki huendelea kufanya kazi. Wengi hudhani wamepona, na aliyewauzia dawa ya mizizi hujisifu kwa hilo. Dozi inaweza kupunguzwa na daktari, kuacha hakupo. Vilevile, baba anayepunguza dozi kimyakimya ili chupa idumu na fedha zibaki kwa mahitaji ya watoto anawaweka watoto hao hao hatarini. Tafadhali, ueleze kliniki ugumu huo kabla chupa haijakwisha.

Ni kweli insulini huondoa nguvu za kiume?

Si kweli. Sukari iliyokaa juu kwa miaka ndiyo inayoharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na uharibifu huo ndio unaoleta tatizo. Anayeacha sindano ili kuilinda ndoa yake anaiharakisha shida anayoikimbia. Lisemeni kliniki bila aibu, lina matibabu.

Ni wakati gani mke asisubiri tena?

Mgonjwa akitapika kiasi kwamba maji hayakai tumboni, akiumwa tumbo, akihema kwa nguvu na kwa haraka, akitoa pumzi yenye harufu kama ya matunda, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali saa hiyo. Si asubuhi, si baada ya kushauriana na wazee wa ukoo, na si baada ya yeye mwenyewe kukubali, kwa kuwa ketoni zikizidi hata uamuzi wake huvurugika.

Sukari ikishuka nyumbani, familia ifanye nini?

Chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani takriban miligramu 70 kwa desilita, anayeweza kumeza apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na arudiwe kama bado iko chini. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni: alazwe ubavu, achomwe glukagoni, homoni inayopandisha sukari, kama ipo, na apelekwe hospitali.

Watoto waelezwe?

Waelezwe mapema. Baba anayejificha chumbani kujichoma huwafundisha wanawe kwamba ugonjwa ni aibu, na siku atakapoanza kutetemeka, kutoa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, watadhani amekasirika au amelewa. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuonyeshwa sukari ya dharura ilipo na mtu mzima wa kumwita. Sindano zenyewe ziwekwe mahali asipofikia.