Potreti ya nyumbani ni picha ya aina gani hasa

Potreti ya nyumbani ni picha ya mtu iliyopigwa pale anapoishi, chumbani, jikoni, sebuleni au uani, akiwa na vitu vyake vya kila siku, na yeye mwenyewe ndo kamkaribisha mpiga picha. Yaani kuna mtu, kuna mahali pake na kuna ruhusa, likikosekana moja inakua picha nyingine kabisa. Ukimpiga mtu picha ndani kwake bila yeye kujua huo ni upekuzi, ukipiga chumba peke yake hiyo ni picha ya nyumba, ukimpeleka studio utapata potreti nzuri tu ila chumba chake umekiacha kule.

Picha ya aina hii ni ya faragha, ila wengi wakisikia neno hilo akili inakimbilia kwenye nguo, wanadhani lazima mtu awe nusu uchi kitandani. Hapana jamani. Bibi kajifunga kanga zake vizuri kabisa, kakaa ukingoni mwa kitanda, dawa zake za presha ziko pale juu ya stuli na mkoba wake umening'inia kwenye msumari, hiyo ni picha ya ndani sana, sababu mgeni wa kawaida anaishia sebuleni na wengine hata sebuleni hawafiki, wanaongelea barazani wanamaliza shida zao wanaondoka. Nyumba zetu nyingi hasa za pwani zinamchuja mtu hatua kwa hatua, na kamera ikifika chumba cha ndani imefika mahali ambapo hata majirani wa miaka mingi hawajawahi kuona.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Gordon Parks, mpiga picha wa Marekani. Mwaka 1942 alikua kijana mweusi mzaliwa wa Kansas aliyekuja Washington kufanya kazi kwenye kitengo cha picha cha serikali ya Marekani, mji wenyewe ulikua wa ubaguzi wa wazi wazi, mtu mweusi anafukuzwa dukani na mgahawani hivi hivi. Bosi wake Roy Stryker akamwambia aongee na mama mmoja anayefanya usafi kwenye jengo lao, Ella Watson. Parks akampiga ile picha inayojulikana dunia nzima, mama kasimama kashika ufagio, nyuma yake bendera ya Marekani. Picha kali sana, lakini ile ni hoja kuhusu nchi, Bi Ella mwenyewe humjui bado. Stryker akamwambia aendelee na huyo mama, basi Parks akamfuata mpaka nyumbani kwake, akampiga picha akiwa na wajukuu zake jikoni, akapiga na meza ya kujirembea ya chumbani kwake ambayo Bi Ella aliigeuza kuwa sehemu ya kusalia, imejaa sanamu za watakatifu na mishumaa. Hapo ndo unakutana na mtu. Unaona anaamini nini, anamlea nani, anathamini nini mpaka akipange vizuri hivyo kwa mshahara mdogo wa mfanya usafi. Ufagio alipewa na kazi, ila ile meza aliipanga kwa mkono wake, na kwangu mimi hiyo ndo tofauti yote ya potreti ya nyumbani na potreti nyingine.

Sasa linganisha na Jacob Riis, mwandishi wa habari wa New York. Huyu mwishoni mwa miaka ya 1880 alikua anaingia usiku kwenye vyumba vya maskini wa New York na unga wa fleshi, unalipuka puu, watu wanashtuka usingizini wamebanana sakafuni, picha imeshapigwa. Aliandika mwenyewe kwamba ule unga uliwahi kuwasha moto nyumba za watu. Picha zake zilisaidia kusukuma mabadiliko ya makazi, hilo siwezi kulikataa, ila siziiti potreti, mule ndani kuna ushahidi wa umaskini na sura zilizoshtuka, hamna aliyesema karibu ndani.

Na isikupe shida ukisikia picha nyingine za aina hii zimepangwa. Mpiga picha wa Marekani Carrie Mae Weems mwaka 1990 alitengeneza mfululizo mzima kwenye meza moja ya jikoni chini ya taa moja, yeye mwenyewe akiigiza mwanamke mwenye mpenzi, marafiki, na mtoto wa kumlea, na ukiziangalia unahisi umekaa kiti cha pili. Mwenzake Deana Lawson, naye mpiga picha wa Marekani, huwa anakutana na watu barabarani tu, anawaomba, anachagua pozi na mwanga, wakati mwingine watu wasiojuana anawaweka pamoja waonekane familia. Ukaribu unaweza kutengenezwa, ilimradi waliopo kwenye picha wanajua wanatengeneza nini.

Upande wa kupiga, shida ya kwanza ni nafasi. Chumba cha kupanga ni kidogo, lenzi ndefu ya kuvuta vitu karibu itakupa uso tu na ukuta, kwahiyo watu hutumia lenzi pana, kama milimita 28 au 35, unaegemeza mgongo mlangoni, na mtu usimuweke pembeni kabisa ya fremu sababu lenzi pana inavuta kichwa kinakua kirefu. Mwanga wa dirishani unatosha, zima fleshi, weka kamera kwenye stendi au juu ya kabati uweze kupunguza spidi ya shata, yaani kamera ikae wazi muda mrefu zaidi iingize mwanga. Halafu tafadhali usipange chumba cha mtu upya. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kalenda ya mwaka juzi, picha ya marehemu babu ukutani, kabati la vyombo vinavyotoka siku ya wageni tu, ukiviondoa umeondoa nusu ya mtu.

Ila yeye akitaka kuondoa kitu, aondoe. Akikwambia hiyo ndoo isionekane au shuka hili nalibadilisha kwanza, muache, namna anavyotaka kuonekana nayo ni sehemu ya potreti. Na Katiba ya Tanzania ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake, kwahiyo hapa tunaongelea haki kabisa. Ruhusa ya kuingia haimaanishi ruhusa ya kuposti, uliza mara mbili, na wenzake wanaoishi humo waulizwe pia sababu chumba mara nyingi hakina mwenyewe mmoja. Muoneshe picha zote kabla hujatoka, akisema hii hapana, ifute palepale akiona, zilizobaki muoshee nakala za karatasi umpelekee.