Diklofenaki haikukingi na jua

Hapa Tanga naulizwa sana, na wavuvi wa Sahare na hata wakata mkonge: ni kweli dawa za maumivu huzuia saratani ya ngozi? Swali ni zuri, maana lina msingi wa kisayansi.

Mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ikipiga ngozi, huamsha jeni iitwayo PTGS2, iliyoko kwenye kromosomu namba 1. Jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha COX-2, nacho huzalisha prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu. Hapo ngozi hupata moto, huvimba na kuuma. Hali hiyo ikijirudia miaka na miaka, prostaglandini huchochea seli kugawanyika, na zile zilizoharibika DNA husalimika badala ya kufa. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli haina nguvu hiyo dhidi ya uvimbe.

Kwa nadharia, basi, wamezaji wa vidonge hivi wangepaswa kuugua saratani ya ngozi mara chache zaidi. Tafiti zimegongana: baadhi zimeona nafuu, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Herufi za DNA ndani ya jeni ya PTGS2 pia hutofautiana kati ya mtu na mtu, ila hakuna kipimo cha jeni ambacho ningekitegemea leo kumwambia mgonjwa ameze au asimeze. Ipo jeli ya diklofenaki ya asilimia 3, inayopakwa kwenye madoa yenye magamba yaliyoletwa na jua. Hiyo ni tiba, na huandikwa na daktari.

Kumeza kila siku kwa ajili ya kinga nakataa kabisa. Vidonda vya tumbo, kuharibika kwa figo na kupanda kwa presha ni mambo ninayoyaona. Tena piroksikamu huweza kuifanya ngozi iungue upesi zaidi juani. Ndugu zangu wenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua havina mbadala wa kidonge.

Kinachoniumiza zaidi ni kingine. Kwetu wenye ngozi nyeusi, saratani hupenda kuota kwenye kovu la moto au kidonda cha mguu kilichokaa miaka, bila jua kuhusika. Uvimbe usioisha ndio unaoilea. Mgonjwa hununua diklofenaki dukani, maumivu yanatulia, anakaa nyumbani. Kidonda cha namna hiyo kikianza kuota nyama, kunuka au kutoa damu chenyewe, njoo: tunapiga ganzi, tunakata kipande kidogo, kinakwenda maabara.