"Samli si maziwa" na mengine tunayoambiana jikoni

Tangu binti yangu apimwe na kukutwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, kila anayeingia jikoni kwetu ana neno. Yote husemwa kwa nia njema, ila mengine yangemlaza mtoto hospitali. Nayaandika kwa ajili ya mama aliyepewa habari kama hizo juzijuzi na anawaza kwamba mwanawe hataonja tena mahamri wala biriani.

"Tumbo likimsumbua, ana mzio."

Hayo ni mambo mawili. Tumbo lisilomeng'enya laktosi, yaani sukari iliyomo kwenye maziwa, hujaa gesi, huuma na kuharisha. Ni taabu, lakini wengi wenye shida hiyo humudu mtindi au chai yenye maziwa kidogo. Mwenye mzio, mwili wake hupambana na protini ya maziwa, na kijiko kimoja chaweza kumvimbisha midomo, kumtoa vipele na kumbana pumzi. Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi.

Wala laktosi kushinda tumbo si ugonjwa wa kuletwa. Watu wazima wengi duniani hawaimeng'enyi vizuri. Mwaka 2007 mtafiti wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii za wafugaji wa kwetu zina mabadiliko yao ya kijeni, tofauti na ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani. Kumbe aliyebadilika ni yule anayeyamudu.

"Samli si maziwa."

Hili ndilo linalonitisha. Samli ni siagi iliyochemshwa hadi maji yakaisha na mashapo yakatuama chini. Laktosi inayobaki ni kidogo mno, kwa hiyo mwenye shida ya laktosi kwa kawaida huila salama. Lakini chembe za protini hubaki, na mwenye mzio hapaswi kuigusa. Chapati za binti yangu nazikunja kwa mafuta ya alizeti. Donge likipumzika nusu saa, zinatoka laini na zinachambuka. Maziwa ya mbuzi nayo si kimbilio, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Mayai si maziwa, hayamo kabisa katika hesabu hii.

"Bila maziwa chakula hakina utamu."

Vitumbua, mkate wa kumimina, maharage ya nazi: lini vilimhitaji ng'ombe? Pwani tumelelewa na tui. Mahamri nayakanda kwa tui zito la vuguvugu, hamira na iliki iliyotwangwa papo hapo, si ya kopo. Ukiyafungua yakiwa moto, harufu inafika barazani.

Biriani ndiyo iliyonisumbua, maana nyama tulizoea kuilaza kwenye mtindi. Nikajiuliza mtindi unafanya kazi gani pale. Unaleta uchachu, unalainisha nyama na kuupa mchuzi uzito. Basi uchachu nautoa kwa ndimu na nyanya, uzito kwa vitunguu vilivyokaangwa na kuvurugwa, na ulaini kwa papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja kwa kilo moja. Usiilaze usiku kucha, itavurujika.

Chai pia inawezekana. Chemsha majani na tangawizi kwanza, tui jepesi litie mwisho kwa moto mdogo, huku unakoroga. Likikatika, halijaharibika, mafuta yamejitenga na maji tu.

"Tui ni maziwa, basi linatosha."

Kwa ladha, ndiyo. Kwa lishe, hapana. Tui lina mafuta mengi, lakini protini na kalsiamu yake ni kidogo. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina kalsiamu kama miligramu 120. Pengo hilo lazima lizibwe. Sisi tunaliziba kwa uji wa wimbi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na sukuma wiki. Mchicha una kalsiamu, lakini oksaleti zake, kemikali za asili zilizomo kwenye majani, huizuia isifyonzwe. Maziwa ya soya yaliyochemshwa vizuri yanakaribia ya ng'ombe kwa protini. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni wa daktari: hakuna tui wala soya inayoshika nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo aliyoandikiwa.

"Kidogo tu hakidhuru."

Kwa mwenye mzio, kinadhuru. Majarini nyingine zina maziwa, biskuti nyingi pia. Kwenye paketi tafuta maneno milk, whey na casein, yote yana maana kwamba mna maziwa, kabla hujalipa. Nyumbani, hatari ni mwiko uliotoka kwenye sufuria moja kwenda nyingine. Wa binti yangu nimeufunga uzi mwekundu mpinini, na bibi yake, aliyekuwa wa kwanza kuitetea samli, sasa ndiye anayeulinda.