bool katika C: dhana potofu na ukweli wake

Wapo wanaoshikilia kwamba lugha ya programu ya C haina aina ya data ya kweli na uongo, eti bool ni mali ya C++, lugha iliyotokana nayo. Zamani ilikuwa hivyo. Kiwango rasmi cha C cha 1989 hakikuwa nayo, kwa hiyo kila mradi ukajitengenezea yake, huyu kwa int (namba nzima), yule kwa char (namba ndogo ya baiti moja), mwingine kwa enum (orodha ya majina yenye namba). C99, kiwango cha 1999, ikaleta _Bool, pamoja na faili la stdbool.h linalokupa bool, true na false. Jina _Bool lilichaguliwa kwa sababu programu nyingi zilikwisha kutumia bool kwa namna zao, na kulitwaa ghafla kungezivunja. Katika C23, kiwango cha baadaye, maneno bool, true na false yamekuwa ya lugha yenyewe, na faili hilo halihitajiki tena.

Dhana iliyo hatari zaidi ni kwamba bool ni int au char iliyobadilishwa jina tu. Sivyo kabisa. Namba yoyote inapoingia kwenye bool, C huangalia jambo moja: je, ni sifuri? Ikiwa ndiyo, unapata 0. Ikiwa siyo, unapata 1, hata namba yenyewe ikiwa -7, 256 au 0.5. Lakini 0.5 ukiiweka kwenye int inakuwa 0, na 256 kwenye char ya biti 8 huachiwa biti za chini tu, ambazo zote ni sifuri.

Anayedhani hayo ni mambo ya darasani aitazame MySQL, programu ya hifadhidata. Mwaka 2012 iligundulika kwamba ukaguzi wake wa nywila ulirudisha jibu la memcmp, kitendakazi cha C cha kulinganisha data, kama my_bool, ambayo ilikuwa char. Memcmp hutoa 0 vitu vikilingana, na namba nyingine yoyote visipolingana. Kwenye baadhi ya mifumo namba hiyo ilizidi uwezo wa char, na biti za chini zilipotokea kuwa sifuri, nywila isiyo sahihi ilipita. Uwezekano ulikuwa takriban 1 kati ya 256 kwa kila jaribio, nao mshambuliaji hachoki kujaribu. MariaDB, hifadhidata iliyotokana na MySQL, nayo iliathirika. Bool halisi ingeigeuza namba ile kuwa 1, na mlango ungebaki umefungwa.

Wengine hutumia isalpha, kitendakazi kinachouliza kama alama ni herufi, na huamini kuandika isalpha(c) == true ni umakini. Isalpha inaahidi tu jibu lisilo sifuri, na glibc, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux, kwenye kompyuta za x86 (za Intel na AMD) hutoa 1024 kwa herufi. True ni 1, basi ulinganisho unashindwa. Andika if (isalpha(c)), inatosha.

Tena, bool haikai kwenye biti moja. Kwa kawaida huchukua baiti nzima.

Na BOOL ya Windows, kwa herufi kubwa, ni int. GetMessage, kitendakazi cha Windows kinachopokea ujumbe wa programu, hurudisha BOOL, lakini ikikosea hutoa -1, ambayo while, amri ya kurudia kazi, huihesabu kuwa kweli na kuendelea kuzunguka. Hapo linganisha kwa > 0.