Injini nyuma ya dereva: ufafanuzi kuhusu gari la Auto Union

Tangu maonesho ya magari ya mashindano yafunguliwe, meza yetu ya maelezo inapokea malalamiko kuhusu bango la Auto Union, gari la mashindano la Kijerumani la miaka ya 1930 lililokuwa na injini nyuma ya dereva. Wageni wanashikilia kwamba Cooper ya Waingereza ndiyo iliyoanza kuweka injini nyuma. Hapana. Cooper ilishinda Grand Prix (mashindano makuu ya magari) ya Argentina mwaka 1958. Auto Union, iliyoundwa Zwickau, ilishinda Grand Prix ya Ujerumani mwaka 1934 kwa mkono wa Hans Stuck, na Benz ilikuwa imepeleka magari ya injini nyuma kwenye uwanja wa Monza, Italia, tangu 1923.

Kanuni ya Grand Prix ya 1934 iliweka kikomo cha uzito wa gari: kilo 750. Naomba hapa tuelewane, maana ndipo wengi wanapopotea: gari lilipimwa likiwa tupu, bila dereva, mafuta, oili, maji wala tairi. Lililozidi halikuruhusiwa kushindana. Ukubwa wa injini haukuwekewa mpaka, na mbunifu wa gari hili, Ferdinand Porsche, akaitumia nafasi hiyo kwa silinda 16. Kufikia 1936 injini ilikuwa ya lita 6, yenye nguvu farasi 520.

Injini hiyo haikuning'inia nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma) kama ya Volkswagen Beetle. Ilikaa mbele yake. Kati yake na dereva palikuwa na tangi la mafuta, ili mizani ya gari isibadilike tangi linapopungua. Huo ndio ufundi ninaoustahi kuliko yote, na ndio wageni wanaoupita bila kuutazama.

Ni kweli mkia ulikuwa ukiteleza. Lakini kuilaumu injini peke yake si haki: ekseli za nyuma za aina ya kubembea ziliinamisha magurudumu kwenye kona, na dereva, aliyekaa mbele mno, alichelewa kuhisi. Dereva Bernd Rosemeyer, aliyetoka kwenye pikipiki, hakuwa na mazoea ya magari mengine ya mashindano, hivyo tabia ya gari hili haikumsumbua. Alitwaa ubingwa wa Ulaya 1936. Alifariki Januari 28, 1938, akijaribu rekodi ya kasi kati ya Frankfurt na Darmstadt. Mwaka huohuo ekseli zilibadilishwa, na dereva Tazio Nuvolari akashinda kwa gari hilo Monza na Donington, Uingereza.

Mwenye pingamizi aandike namba ya bango na sentensi anayoipinga, kisha aikabidhi mezani. Madai ya mdomo hayasajiliwi. Anayevuka kamba ili kugusa gari ataondolewa ukumbini, na kiingilio hakirudishwi.