Je, wajua kwa nini tui la nazi hukatika?

Kila aliyewahi kupika mchuzi wa samaki wa nazi hapa Dar es Salaam anaifahamu dakika hiyo. Tui lililokuwa jeupe na laini linabadilika ghafla sufuriani, chengachenga nyeupe zinaanza kuelea, na juu yake yanatanda matone ya mafuta maangavu. Tui limekatika. Mchuzi bado unalika na ladha yake haijaharibika sana, lakini ule ulaini umekwenda, na mwiko hauwezi kuurudisha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa ni la nazi. Niliposimama mbele ya muuzaji nilizitikisa moja baada ya nyingine nikisikiliza maji ndani, kwa kuwa nilidhani nazi iliyokomaa mno ina mafuta ya kupindukia, na kwamba mafuta hayo yakizidi hujitoa yenyewe kwenye maji. Imani hii inaeleweka, kwa sababu tui linapokatika kinachoonekana kwa macho ni mafuta, na kinachoonekana ndicho kinacholaumiwa. Hata hivyo si sahihi, na inafaa kuipima polepole, maana jibu lenyewe limefichwa humo humo.

Tuanze na tui ambalo halijapata moto. Ukikuna nazi, ukaichuja na kuliacha tui bakulini kwa saa kadhaa, sehemu nzito hupanda juu na maji hubaki chini. Wengi husema kwamba tui hilo limekwisha kukatika, lakini halijakatika. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo matone yake hupanda, lakini kila tone lingali peke yake, na ukikoroga tui hurudi lilivyokuwa. Liweke kwenye jokofu nalo tabaka la juu litakuwa gumu kama samli, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzijoto 24 hivi, joto ambalo Dar es Salaam hulipata kwa nadra mchana. Litoe, liache lilainike, likoroge, na kwa kawaida litachanganyika tena. (Kuligandisha kabisa kwenye friza ni jambo jingine, kwa sababu barafu huyabana matone mpaka mengi yakaungana.) Mafuta basi yanaweza kupanda, kuganda na kuyeyuka bila tui kukatika. Tena kasimele, lile tui zito la kwanza, ndilo lenye mafuta mengi kuliko yote, na hutulia bakulini bila kukatika mpaka liguswe na moto au uchachu. Kama mafuta mengi peke yake yangekuwa kosa, kasimele lingekatika mkononi mwa anayelikamua.

Kinachoshindwa ni protini. Tui ni mchanganyiko ambao mafundi rangi wanaujua kwa jina la emalsheni, yaani matone madogo sana ya kimiminika kimoja yaliyotawanyika ndani ya kingine kisichopatana nacho. Mafuta na maji havipatani, na vikiachwa vyenyewe matone yangeungana mara moja. Katika tui, protini za nazi, ambazo nyingi ni za jamii ya globulini na albumini, hujipanga kuzunguka kila tone, upande mmoja ukigusa mafuta na mwingine ukigusa maji. Kazi yao inafanana na ile ya matairi yanayoning'inizwa ubavuni mwa boti zilizobanana bandarini: mawimbi yanazisukuma boti pamoja, lakini mbao hazigongani. Zaidi ya hayo, katika tui bichi protini hizo hubeba chaji za umeme za aina moja, kwa hiyo tone linapolikaribia jingine husukumana.

Protini hizo huzunguka matone zikiwa zimejikunja, na moto huzikunjua. Ifikirie kanga iliyokunjwa vizuri baada ya kupita porini, ambayo ndani ya mikunjo yake imejaa mbegu za kishona nguo. Ikiwa imekunjwa, mbegu zimefichika, na kanga mbili kama hizo zikiwekwa pamoja hazishikani. Zikunjue zote mbili uzisuguanishe, na zitanasana mpaka kuzitenganisha ni taabu. Protini nazo huficha ndani ya mikunjo yao sehemu zisizopenda maji. Joto linapofika karibu na nyuzijoto 80, mikunjo inafunguka, sehemu zile zinatokeza nje, na protini ya tone hili inanasa protini ya tone lile. Zile chengachenga nyeupe ndizo hizo, protini zilizoshikana, ndugu kabisa wa ute wa yai unaogeuka mweupe kikaangoni. Matone mengine yanabaki bila kinga, yanaungana, na mafuta yanapanda juu. Kwa hiyo mafuta tunayoyaona ni matokeo tu, kwani ulinzi wake ulikwisha kuvunjika kabla hayajaonekana.

Uchachu hufika huko huko kwa njia nyingine, tena bila moto. Nilipokamulia ndimu kwenye glasi ya tui bichi, vidonge vilijitokeza papo hapo ubavuni mwa glasi kama maziwa yaliyoganda. Tui bichi huwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikishuka uchachu huzidi) ya karibu 6, na kadiri linavyoshuka kuelekea 4 ndivyo chaji za protini zinavyosawazika, msukumano unaisha, na matone yanakutana. Ukwaju, ndimu na nyanya nyingi vikiingia kwenye sufuria inayochemka, tui linapata mashambulizi mawili kwa pamoja. Hapo ndipo lawama kwa nazi inapopata ukweli kidogo: nazi iliyoanza kuchacha hukata tui upesi, lakini ni kwa uchachu wake.

Utaratibu wa wapishi wa pwani unaanza kueleweka vizuri zaidi. Tui jepesi hutangulia, kwa kuwa matone yake ni machache na yako mbalimbali, na tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, bila kuachwa lichemke. Kukoroga kunasaidia kwa sababu husambaza joto, chini ya sufuria pasipate moto kupita kiasi, na huyazuia matone kujikusanya juu. Kuhusu ushauri wa kukoroga upande mmoja tu, sioni chochote katika maelezo haya kinachoutegemea, kwani kazi hufanywa na mwendo wenyewe, mwiko uzunguke kulia au kushoto.

Sasa lifikirie tui la kopo. Ili lidumu miezi mingi ni lazima lipitishwe kwenye joto linalovuka nyuzijoto 100, ambalo lingelikata mara moja. Kiwanda hufanya mambo mawili. Kwanza hulisukuma kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba sana, matone yapasuke na kuwa madogo. Tone la upana wa mikromita 10 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) likigawanywa kuwa matone ya mikromita 1, yanapatikana matone 1,000, ambayo jumla ya uso wake ni mara 10 ya ule wa mwanzo. Matone madogo hupanda polepole mno, lakini uso huo mpya unahitaji kufunikwa, na protini ya nazi haitoshi. Ndiyo sababu ya jambo la pili, yaani kuongeza walinzi kutoka nje. Wakati mwingine ni kazeini, protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo hustahimili moto kwa kuwa haina mikunjo mingi ya kufunguka. Anayeepuka maziwa na asome lebo, kwa maana jina la nazi peke yake halimhakikishii kitu. Mara nyingine ni polisobeti 60, kemikali ya kiwandani inayoyazunguka matone kama protini zifanyavyo, au vizito vinavyoyafanya maji yawe mazito ili matone yasitembee: unga wa mbegu za guar, zinazolimwa sana India na Pakistani, na karagini, ambayo hutolewa kwenye mwani mwekundu.

Mwani huo si mgeni kwetu. Kilimo chake cha biashara Unguja kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake, wanaofunga vipande vya mwani kwenye kamba maji yakiwa yamekupwa. Aina iitwayo spinosum hutoa karagini ya ute laini, na cottonii hutoa ya ute mgumu zaidi, ile ambayo pia hushikana na protini ya maziwa na kuzuia unga wa kakao usitulie chini ya maziwa ya chokoleti.

Akina mama wanaopika uto, kwa upande wao, hulitaka tui likatike kabisa. Huliacha lichemke bila haraka mpaka maji yote yaishe, protini ziwe kahawia na kuzama chini, kisha huteka mafuta safi yaliyobaki juu.